Mtoto wa Ukutani

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa na sifa ambayo hata wasiompenda hawakuweza kumnyima: mtoto aliyepita mikononi mwake hakutoka hajui kusoma. Wazazi waligombania nafasi katika darasa lake tangu wana wao hawajaota meno ya mbele. Waliletwa watoto walioitwa mazuzu na ndugu zao wenyewe, na kabla ya mwaka kwisha watoto hao walikuwa wakisoma vibao vya maduka kwa sauti njiani na kuwaudhi wapita njia. Mwalimu hakujisifu kwa kinywa. Alijisifu kwa mwendo wake, kwani alikatiza uwanja wa shule shingo imenyooka na chaki sikioni, mithili ya mtu anayekwenda kupokea alichoahidiwa.

Ila Mwenyezi Mungu, ambaye hagawi vipaji kwa kumfurahisha mtu, alimjalia binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa darasa la tano katika shule hiyo hiyo, na kusoma hajui.

Haikuwa kwa kukosa jitihada. Mama alimfundisha kwa upole, akamfundisha kwa rula, akamfundisha kwa dua na kwa machozi, na herufi zikaendelea kumponyoka mtoto kama samaki hai mikononi. Baba mtu alikwisha kufariki, hivyo hapakuwa na wa kugawana naye aibu. Hatimaye mama alikata tamaa ya kufundisha, akaanza kuficha. Kila jioni alimsomea binti somo la kesho, na binti, ambaye kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu, alilimeza lote na kulitapika asubuhi mbele ya darasa huku kidole kikitambaa chini ya mistari asiyoijua. Walimu wengine walishuku, lakini heshima ya mama ilimvusha mtoto darasa hata darasa. Na siku mwalimu mgeni alipotoa kifungu kisichojulikana, binti aliingiza ukucha puani, akajichuna ndani mpaka damu ikatoka, akaruhusiwa kwenda bombani. Hilo alilibuni mwenyewe. Mama aliziona blauzi zenye madoa, akazifua, na wala hakuuliza.

Ndipo ulipokuja mradi.

Ulikuwa mradi wa kuunda sanduku la kusomea kwa ajili ya watoto waliobaki nyuma katika madarasa ya juu, na utaratibu wake ulikuwa mgeni kwa wengi. Haukuachiwa walimu peke yao. Waliketishwa meza moja mwalimu huyu, mchoraji, seremala na msimamizi, kila mmoja na ujuzi wake, ili kitu kizaliwe kutokana na wote. Msimamizi alikuwa mwanamke mchangamfu aliyesoma mbali, mwenye sauti ya kumfanya mtu ajione ni hodari zaidi ya alivyo. Kwake kila jambo lilikwenda kwa hatua, na hatua ya kwanza ilikuwa kumjua mtoto kabla ya kumtengenezea chochote.

“Sitaki takwimu,” alisema siku ya kwanza, amesimama mbele ya ukuta mweupe. “Nataka mtoto mmoja, mwenye damu na nyama. Kila mtu atuletee mtoto anayemjua.”

Seremala, mtu wa makamo mwenye vumbi la mbao nyusini, alisema yeye anamjua mmoja tu asiyejua kusoma, na huyo ni mkwewe. Wakacheka. Mchoraji, kijana aliyevaa miwani mikubwa kuliko uso wake, alieleza habari za jirani fulani, zikafifia kabla hajazimaliza. Ikaja zamu ya mwalimu. Alianza kwa maneno ya chuoni: wapo watoto ambao hutatizika kupambanua maumbo, aghalabu kwa sababu hizi na hizi.

Msimamizi alimsikiliza kidogo, kisha akatabasamu.

“Mwalimu, nisamehe. Miaka yote hiyo umekaa na watoto, halafu unatuletea kitabu?”

“Hata mke wangu anayajua hayo,” alidakia seremala, “na yeye anauza mkaa.”

Maneno hayo yalimchoma mwalimu mahali pabaya. Hakuwa amezoea kuonekana mtupu. Akameza mate, na kiburi, ambacho ni adui asiyebisha hodi, kikamfungua kinywa.

“Niliwahi kuwa na mwanafunzi,” alisema. “Msichana. Zamu yake ya kusoma ikikaribia alikuwa anajichuna pua kwa ukucha mpaka atoke damu. Kwa makusudi. Anatoka nje ameinamisha kichwa, na kila mtu anamwonea huruma.”

Msimamizi aliweka chini kalamu yake taratibu.

“Endelea,” alisema.

Akaendelea. Aliwaeleza kidole kinachotambaa na ukurasa unaofunuliwa pale jirani anapofunua wake. Aliwaeleza jinsi mtoto anavyolijua somo lote kwa moyo, hata ukimkatisha katikati hawezi kuendelea mpaka arudi mwanzo. Kila alipotua, wenzake walisogea mbele. Mchoraji alikuwa ameshaanza kuchora. Msimamizi alipoishika karatasi akaibandika katikati ya ukuta, seremala aliitazama akasema, “Haya, Bi Pua karibu ofisini,” na jina likanata palepale.

Mwalimu alicheka pamoja nao. Alikuwa amewaona wote watatu wakimtazama kwa mshangao wa heshima, na ladha ya mtazamo ule ilikuwa tamu.

Kilichofuata kinaweza kuaminiwa tu na mtu aliyewahi kufanya kazi kwa bidii. Picha ya kwanza ya mchoraji ilikuwa ya msichana wa kubuni tu, mwenye mashavu ya mviringo. Mwalimu aliitazama kila akiingia, na kila siku ikamkera. Hakuweza kuvumilia kitu kisicho sahihi.

“Paji la uso ni pana zaidi,” alimwambia mchoraji. “Na nywele hazikai hivyo. Nyusi zinakaribiana.”

“Hivi?”

“Karibu. Akiogopa, anauma mdomo wa chini upande mmoja. Upande wa kushoto.”

“Unamkumbuka sana huyu mtoto, Mwalimu.”

“Kazi yangu ni kukumbuka.”

Mchoraji alirekebisha, akarekebisha tena, mpaka siku moja mwalimu alisimama mbele ya ukuta akasema sasa ndiyo, na moyo wake ukaruka, kwa kuwa aliyemtazama kutoka pale alikuwa binti yake hasa. Lau angeichana karatasi ile wakati huo, nani angemlaumu? Badala yake alivuta kiti akaketi. Msimamizi alikuwa akiingia na wageni, na alisikika akiwaambia tangu mlangoni, “Njooni mwone. Mwalimu wetu ndiye aliyetuletea huyu.”

Tangu hapo hapakukatwa shauri bila ya Bi Pua. Seremala akileta herufi za mbao, waliulizana Bi Pua atazishikaje. Wakibishana kuhusu rangi, mmoja alijifanya Bi Pua, akabana pua na kutetemesha sauti, na wengine wakavunjika mbavu. Seremala ndiye aliyemwigiza vizuri kuliko wote. Hata hivyo kazi ilisonga, na ni haki kusema kwamba ilikuwa kazi njema. Herufi zilichongwa zikapakwa mchanga laini ili kidole kijifunze pale jicho lilipokataa, na vijitabu viliandikwa kwa maneno machache yenye nafasi pana. Kila mara kazi ilipokwama, wote walimgeukia mwalimu. Bi Pua angefanya nini hapa? Naye alijibu. Asipokuwa na jibu alisema, “Nitakumbuka kesho,” na jioni alikwenda nyumbani kulitafuta.

Nyumbani binti aliona mama amebadilika. Rula ilipotea. Mama aliketi karibu, akauliza maswali mapya kwa sauti laini, kisha akangoja jibu bila kukunja uso.

“Ukiitazama hii, unaona nini hasa?” aliuliza jioni moja, kitabu kikiwa magotini mwao wote wawili.

Binti alimchungulia usoni, akihofia mtego.

“Hutakasirika?”

“Sikasiriki, mwanangu.”

“Herufi hazitulii, mama. Ni kama kuku bandani. Nikimkamata mmoja, wengine wote wanaruka, halafu hata yule niliyemkamata sijui alikuwa yupi.”

“Na puani? Unaumia?”

Binti aliinamisha macho. Jambo hilo halikuwahi kutajwa kati yao.

“Kidogo,” alisema. “Lakini kusimama mbele yao kunauma zaidi. Mama, usimwambie mtu.”

“Nimwambie nani?”

Binti akamlalia begani. Ulikuwa muda mrefu hajafanya hivyo. Mama alimpapasa kichwa, na mkono wake ulipokuwa ukipapasa, akili yake ilikuwa ikiyapanga yale maneno ya kuku na banda ili yasimtoke kabla ya asubuhi. Kesho yake aliyasema mezani, msimamizi akapiga makofi, na haikupita wiki yalikuwa yamechorwa juu ya kifuniko cha sanduku: banda, kuku wenye sura za herufi, na Bi Pua katikati amenyoosha mikono. Hadithi ya pua ikawa kijitabu cha kwanza ndani ya sanduku, tangu ukucha hadi bombani.

Ikaja hatua ya kujaribu, na hatua hiyo ilikuwa na sharti lake. Watengenezaji walitakiwa kusimama kando, mikono mgongoni, bila kumsaidia mtoto kwa neno wala kwa ishara, kwani ukimsaidia hutajua kama kitu chako kinafaa. Seremala aliwahi kumsogezea mtoto kipande cha mbao katika jaribio dogo pale ofisini, na msimamizi alimkaripia mbele ya wote. Wakaona ni haki.

“Tutaanza na shule ya Mwalimu,” alisema msimamizi. “Darasa la tano.”

“Shule yangu isiwemo,” alisema mwalimu haraka mno. “Wananijua. Watajipendekeza.”

“Wanakuamini. Ndicho tunachotaka.”

“Kuna shule nyingine nzuri tu.”

“Mwalimu, kuna tatizo?”

Wote walikuwa wakimtazama. Neno moja la kweli lingetosha. Lakini neno hilo lingewaambia kwamba mwanafunzi wa zamani hakuwepo, na kwamba yeye anayefundisha wana wa watu wote ameshindwa na wake. Msimamizi alikuwa ameshamwahidi kwamba mradi ukifaulu atakuwa mkufunzi wa walimu, wala hatarudi kwenye chaki.

“Hakuna tatizo,” alisema.

Asubuhi ya jaribio alimwambia binti akae nyumbani apumzike, kwani anaonekana ana homa. Binti alicheka.

“Sina homa. Mama, wanakuja watu wa kazini kwako, nami nibaki? Nimeshawaambia wenzangu wote kwamba sanduku umelitengeneza wewe.” Kisha, kwa sauti ya chini, huku akifunga kamba za viatu: “Najua umenitengenezea mimi.”

Mama angeweza kumwamuru. Lakini amri ilitaka sababu, na sababu hakuthubutu kuitamka. Wakaenda pamoja, na njiani binti akamshika mkono, jambo ambalo watoto wa umri wake hulionea haya.

Darasa la tano lilijaa. Masanduku yalikuwa mezani, vijitabu viligawiwa, na kwa heshima ya wageni mwalimu wa darasa alikuwa amefuta ubao mpaka ukang’aa. Seremala, mchoraji na mwalimu walisimama ukutani, mikono mgongoni. Msimamizi alisoma kijitabu mwenyewe kwa sauti yake nzuri, watoto wakifuata kwenye nakala zao.

Alipofika kwenye ukucha, vichwa viwili vitatu viligeuka nyuma. Alipofika bombani, viligeuka vingi. Mtoto mmoja alinyanyua kijitabu, akakilinganisha waziwazi na uso wa msichana aliyeketi karibu na dirisha, akamkanyaga mwenzake mguu. Mchoraji naye aliona. Alitazama kijitabu, akamtazama msichana, kisha akamtazama mwalimu, na miwani yake ikateremka puani bila ya yeye kuipandisha.

Binti hakuhitaji kusoma. Picha alizielewa. Aliutazama uso wake mwenyewe ukitoka damu, akafunua akaukuta tena bombani, akafunga kijitabu, na juu ya sanduku akawakuta kuku wake.

Msimamizi aliacha ukurasa wa mwisho makusudi.

“Nani atatumalizia? Tunataka kujua Bi Pua aliishiaje.”

Mkono ulionyooka ulikuwa mmoja tu, karibu na dirisha. Minong’ono ikakatika. Msimamizi alifurahi, akamwita mbele.

Binti alisimama akitazamana na mama yake. Hakuwa amejiinua kwa ushujaa, wala hakuwa na hakika anataka nini. Labda alitaka kuona tu. Kati yao palikuwa na hatua chache, na mwanamke aliyefundisha nusu ya mji ule kusoma alihitaji kusema tu, Lete, nitasoma mimi. Kinywa chake kilifunguka kidogo. Msimamizi alimtupia jicho la onyo, lile lile alilomtupia seremala siku ya kipande cha mbao, na kinywa kikafumba. Mgongoni, mkono mmoja uliushika mwingine kwa nguvu.

Binti akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Akasoma kwa lafudhi ya kusoma, akitua panapotuliwa.

“Bi Pua alikuwa na mama. Mama yake alijua kila kitu. Akamuuliza Bi Pua kwa upole, Bi Pua akamwambia. Halafu mama akaenda akawapa watu, wakachora.”

“Haijaandikwa hivyo,” alisema mtoto mmoja, kidole juu ya nakala yake.

“Imeandikwa Bi Pua akapata rafiki,” alidakia mwingine.

“Hajui kusoma! Anatunga!”

“Mtoto wa Mwalimu hajui kusoma,” ilisema sauti nyingine, polepole, ikishangaa utamu wa habari yenyewe.

Kicheko kikaanzia nyuma kikafika mbele. Wengine walibana pua, na kwa kuwa watoto wa kila mahali hucheza mchezo mmoja, walimwigiza kama seremala alivyomwigiza ofisini, ingawa hawakuwahi kumwona. Seremala alitazama sakafuni. Mwalimu wa darasa aligonga meza bila mafanikio. Binti alingoja kicheko kipungue, akarudisha kijitabu sandukuni, akafunga kifuniko vizuri, akatoka nje. Hakuna tone la damu lililomtoka.

“Ni mwanao?” msimamizi aliuliza. Mwalimu wa darasa akajibu kwa niaba yake, ndiyo.

“Kumbe unaye nyumbani.” Msimamizi alimshika mwalimu bega. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amefurahi, na macho yake yaling’aa kama ya mtu aliyeokota kito. “Mwalimu, ungesema tangu mwanzo. Tungemjaribia kila kitu yeye, tusingepoteza muda wote huu.”

Mradi ulifaulu. Masanduku yalisambazwa, na watoto wengi waliokuwa wamekatiwa tamaa walisoma, kwa hiyo wapo mama wanaomwombea mwalimu yule kheri mpaka leo bila kumjua. Akawa mkufunzi wa walimu. Shuleni watoto walimwita binti Bi Pua kwa muda wa siku zilizobaki za muhula. Kisha akaomba kuhamia kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji. Hakulia wala hakugombana. Mama alipomuuliza kwa nini, alisema kule shule iko karibu, na uongo huo aliusema kwa adabu kamili.

Shangazi mtu alikuwa mshona nguo, aliyeacha shule mapema na asiyekuwa na haraka na jambo lolote. Mama alimpelekea sanduku moja. Walikuwa wakikaa nalo jioni, shangazi na mpwa, wote wawili wakipapasa mbao za mchanga na kukosea pamoja, na hakuna aliyewaandika wala kuwachora.

Baada ya miezi kadhaa mama alikwenda kumtembelea. Alipokaribia nyumba alisikia kutoka dirishani sauti ikisoma. Ilikuwa ikikwama, ikirudi nyuma, ikikwama tena, na kwa kule kukwama kwake alitambua, yeye aliyewafundisha wengi, kwamba hii si kumbukumbu. Hii ni kusoma. Akabisha hodi na sauti ikazimika.

“Karibu, wifi,” alisema shangazi, pini mdomoni. “Umetukuta kazini.”

Binti aliinuka. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akampokea mfuko, akamletea maji ya kunywa, akaketi mbali, mikono mapajani.

“Anasoma, wifi,” alisema shangazi. “Jana kanisomea karatasi ya dawa, mpaka yale maandishi madogo. Msomee mama yako.”

Binti aligeuzia macho cherehani.

“Mstari mmoja tu,” alisema mama. “Wowote.”

“Sijui kusoma, mama.”

“Nimekusikia. Nilikuwa hapo nje nikakusikia mwenyewe.”

Binti alimtazama kwa utulivu, kama mtu anayeangalia bei ya kitu asichokusudia kununua.

“Nikisoma, utakwenda kumwambia nani?”

Shangazi alitoa pini mdomoni, akazirudisha. Mama alikunywa maji, akauliza habari za afya na za cherehani, akaaga.

Hakwenda mbali. Alizunguka nyumba, akasimama chini ya dirisha, mgongo ukutani, akajibana asije akaonekana na majirani. Alingoja. Ndani karatasi ilifunuliwa. Sauti ikaanza, neno moja, na nusu ya neno la pili, kisha ikasita, kana kwamba imehisi pumzi nje. Nyayo zikaja. Mkono mdogo ukatoka, ukavuta ubao wa dirisha taratibu, pasipo hasira, kama mtu anayezuia vumbi lisiingie, na komeo likapita mahali pake.